Chemsha, Choma, Kaanga: Athari za Mbinu za Upishi kwa Ladha na Harufu ya Kuku katika Meru na Embu

Utangulizi

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika vijiji vya Meru na Embu, methali hii huthibitika pale mgeni aingiapo uani na kuku akakamatwa. Kuku huyo hachinjwi ili kushibisha tumbo tu. Yeye ni heshima, na heshima hiyo hupimwa kwa mambo mawili ambayo mgeni hayaoni kwa macho: ladha ya nyama na harufu inayotangulia sahani. Kuku akiwa mgumu au mchuzi ukiwa chapwa, mwenyeji huona haya hata kama mgeni amesema ahsante.

Hata hivyo, kuku mmoja, wa banda moja na wa umri mmoja, anaweza kutoa nyama yenye ladha tatu au nne zilizo tofauti kabisa, kutegemea namna alivyopikwa. Aliyechemshwa hanukii kama aliyechomwa, na aliyekaangwa hafanani na yeyote kati ya hao wawili. Je, tofauti hii hutoka wapi, ilhali kilichoingia jikoni ni kitoweo kile kile?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kuitazama mifano ya maeneo ya Meru na Embu, yaliyo kwenye miteremko ya mashariki na kusini mashariki ya Mlima Kenya. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa upishi wa Kiswahili tayari umebeba sehemu kubwa ya jibu. Vitenzi kuchemsha, kutokosa, kuchoma, kubanika, kuoka, kukaanga na kuunga si visawe. Kila kimoja hutaja kile kinachosimama kati ya moto na nyama, yaani maji, hewa, mafuta au mchuzi, na ni hapo hasa ndipo ladha huamuliwa.

Jambo hili lina uzito wake. Katika shule za upili za Kenya, Sayansi Kimu hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hutoka darasani akidhani kwamba jiko la nyanyake halina sayansi na kwamba lugha yake ya taifa haiwezi kuieleza. Dhana zote mbili ni potofu.

Kunuka na Kunukia

Kabla ya kuingia jikoni, ni muhimu kutofautisha ladha na harufu. Ladha hutambuliwa na ulimi, nao ulimi hutambua mambo machache tu: utamu wa sukari, uchungu, ukali wa ndimu, chumvi, na ladha ya tano ambayo Wajapani huiita umami. Ladha hii ya tano ndiyo inayoufanya mchuzi wa nyama uhisike kuwa umekamilika. Mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliihusisha na glutamati mwaka wa 1908. Mnamo 1913, Shintaro Kodama alitambua kampaundi nyingine yenye nguvu hiyo hiyo, inosinati, ambayo hupatikana kwa wingi katika nyama, ya kuku ikiwemo. Kiswahili hakina nomino moja iliyozoeleka kwa dhana hii, lakini kina kitenzi kukolea. Mpishi anaposema kwamba mchuzi umekolea, huwa hasemi juu ya chumvi pekee. Neno ukolevu lingeweza kufaa kama istilahi, kwani lina mzizi ambao wasemaji wanauelewa tayari.

Harufu, kwa upande mwingine, hutambuliwa na pua. Kampaundi nyepesi hupaa kutoka kwenye chakula na kuifikia pua moja kwa moja, au huipitia njia ya kooni wakati wa kutafuna. Ndiyo maana mtu mwenye mafua hulalamika kwamba chakula ni chapwa: ulimi wake ni mzima, ila pua imeziba. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita utamu wa kuku kwa kweli ni harufu.

Katika suala hili sarufi ya Kiswahili ina jambo la kupendeza. Kitenzi kunuka humaanisha kutoa harufu mbaya. Kikipewa kiambishi cha kutendea, huwa kunukia, na maana hugeuka kuwa kutoa harufu nzuri. Kuku mbichi aliyekaa hunuka, na kuku aliyeiva hunukia. Kilichoingia kati ya maneno hayo mawili ni moto, na aina ya moto huamua atanukiaje.

Kuku Mwenyewe

Nyama mbichi ya kuku karibu haina harufu ya kutamanisha. Huwa na dalili ya damu na chumvi kidogo, basi. Ilicho nacho ni malighafi: protini, asidi amino, sukari kidogo, vitamini thiamini, inosinati na mafuta. Upishi hauongezi ladha ya kuku kutoka nje, bali huizalisha kutokana na malighafi hayo. Hivyo basi, ubora wa malighafi ni sharti la kwanza.

Katika soko la Gakoromone mjini Meru, sawa na katika masoko ya Embu, Runyenjes na Siakago, mnunuzi huulizwa kwanza kama anataka kuku wa kienyeji au wa kisasa. Kuku wa nyama wa kisasa, yaani broila, huchinjwa akiwa na umri wa wiki tano au sita hivi. Wa kienyeji huchukua miezi mitano, sita au zaidi. Muda huo wote hukimbia, huparua ardhi na kula vitu vingi: majani, wadudu, makombo, na katika maeneo makavu ya Mbeere na Tharaka, punje za mtama na mawele pamoja na mchwa. Msuli unaofanya kazi huwa mweusi zaidi na wenye ladha nzito zaidi, na mafuta ya kuku alaye majani na mahindi ya manjano huwa ya rangi ya manjano. Kwa kuwa harufu inayomtambulisha mnyama fulani hubebwa zaidi na mafuta yake, ngozi ya kuku na mafuta yaliyo chini yake ni hazina kubwa kuliko minofu ya kifua.

Lakini umri una gharama yake. Misuli hushikanishwa na utando wa protini iitwayo kolajeni, nao utando huu hukaza kadiri kuku anavyozeeka. Ndiyo maana Kiswahili hakitosheki na neno kuku. Kuna kifaranga, kuna pora, yaani jogoo kijana, kuna mtetea, kuna koo aliyekwisha kutaga, na kuna jogoo mzee. Mpishi anayeyajua majina haya anajua tayari ni nani wa kuchomwa na ni nani wa kuchemshwa.

Hata unyonyoaji huacha alama. Kuku hutumbukizwa katika maji moto ili manyoya yalegee. Maji yakiwa ya kuchemka kabisa, ngozi huiva na kuchanika kabla ya wakati. Kisha hubabuliwa, yaani hupitishwa juu ya mwali ili vinyweleo vilivyosalia viungue. Wengi hulichukulia tendo hili kuwa la usafi tu. Ukweli ni kwamba ngozi hupata hapo mguso wake wa kwanza wa moto mkavu, na harufu hafifu ya kubabuliwa hubaki hata katika supu.

Kuchemsha na Kutokosa

Kuchemsha ndiyo mbinu ya msingi kwa kuku wa kienyeji katika maeneo haya. Chungu au sufuria huinjikwa, vipande hutiwa maji na chumvi, pengine na kitunguu na tangawizi, kisha moto huachwa ufanye kazi. Kutokosa ni kuchemsha kwa maji tu, bila viungo, na kwa kuku mzuri mbinu hii hutosha.

Sifa kuu ya maji ni kwamba yanaweka mpaka. Hata moto ukiwa mkali kiasi gani, maji yanayochemka katika chombo kisichobana mvuke hayazidi kiwango chake cha kuchemka. Huko Mombasa, kando ya bahari, kiwango hicho ni nyuzijoto 100. Mjini Meru, palipo kwenye kimo cha takriban mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, na Embu, ulio chini kidogo tu ya hapo, hautofautiani sana. Huko Timau, juu zaidi ya mita 2,000, huchemka kabla ya kufikia nyuzijoto 94. Kwa hiyo mpishi wa Timau anayelalamika kwamba kuku wake hachelei kuwa mgumu hana haja ya kulaumu kuni. Maji yake yanachemka yakiwa hayajapata joto la yale ya Mombasa, na dawa yake ni muda, au sufuria ya presha inayobana mvuke na kulipandisha joto hadi karibu nyuzijoto 115 au zaidi.

Mpaka huo wa joto una faida na hasara. Faida ni kwamba joto la maji, likidumu kwa muda mrefu, huigeuza kolajeni ngumu kuwa jelatini laini. Jelatini huuingia mchuzi na kuufanya uwe mzito mdomoni. Supu ya koo au jogoo mzee ikipoa huganda, ilhali supu ya broila mchanga hubaki majimaji. Wakati huo huo glutamati, inosinati na chumvi za nyama hutoka na kuingia majini. Ndiyo sababu supu ya kienyeji hupewa mzazi na mgonjwa: sehemu kubwa ya ladha ya kuku imehamia humo.

Hasara ni kwamba katika joto hilo nyama haiwezi kupata rangi ya kahawia wala harufu ya kuchomeka. Harufu ya kuku wa kuchemsha ni ya namna nyingine. Hutokana na kampaundi zenye salfa, ambazo huzaliwa asidi amino na thiamini zinapovunjika, pamoja na aldehaidi zinazotokana na mafuta. Ni harufu ya upole, iliyo karibu na ile ya yai na ya mchuzi, na ni rahisi kuipoteza. Sufuria isiyofunikwa huachia kampaundi hizo zipae na mvuke. Harufu inayomfikia jirani ni ile iliyokwisha kutoka chunguni. Mwenye kufunika na kupunguza kuni humpokonya jirani kidogo na kumwongezea mgeni.

Ndugu wa karibu wa mbinu hii ni kupika kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Waganda wamekikuza chakula kiitwacho luwombo, ambapo nyama, ikiwemo ya kuku, hufungwa ndani ya jani lililokwisha kupitishwa motoni ili lilegee. Jani huzuia harufu isipotee na huongeza yake. Meru na Embu ni nchi ya migomba pia, na mpishi wa huko asingepungukiwa na majani kama angependa kujaribu.

Kuchoma, Kubanika na Kuoka

Maji yakiondolewa, mambo hubadilika. Katika kuchoma, nyama hukabili joto la makaa bila kinga. Uso wake hukauka, na ukikauka hupanda kwa haraka kupita nyuzijoto 100. Ufikapo nyuzijoto 140 hivi, asidi amino na sukari huanza kuungana kwa kasi na kuzaa mamia ya kampaundi mpya zenye rangi ya kahawia na harufu ya kukaangika, ya karanga na ya mkate uliookwa. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mmenyuko huu mwaka wa 1912, nao huitwa kwa jina lake hadi leo. Ngozi ya kuku wa kuchoma, ganda la mkate, buni zinazokaangwa na hindi linalochomwa kando ya barabara ya Embu kwenda Meru vyote vinashiriki siri hiyo moja.

Kiswahili kilizitofautisha hatua za joto kavu mapema. Kubanika ni kuibana nyama katika kijiti kilichopasuliwa na kukisimamisha karibu na moto. Nyama haigusi makaa, na mafuta huteremka polepole yakiirowesha. Kuoka ni kuivisha kwa joto linaloizunguka nyama pande zote, kama katika joko. Kuchoma ndilo neno pana zaidi, na upana wake ni udhaifu wake, kwani hutumika pia kwa kuunguza na hata kwa kudunga. Siku hizi matumizi ya kila siku yamelifanya liwe kapu la yote matatu, na neno kubanika linaanza kusikika kama la kitabuni. Hasara hapa si ya kamusi peke yake. Mtu asiye na neno la kutenganisha moto wa karibu na moto wa mbali huiweka nyama juu ya mwali, akaiunguza nje na kuiacha mbichi ndani. Nyama ya kuku inapasa kufikia nyuzijoto 74 katikati ili vijidudu vya maradhi vife, na safari hiyo ya joto kutoka nje hadi mfupani haiharakishwi kwa kuichomea juu juu.

Je, kuku yeyote anafaa kuchomwa? La. Joto kavu hukamua maji kutoka kwenye misuli na halitoi muda wa kutosha kwa kolajeni kulainika. Broila na pora huvumilia. Koo na jogoo mzee hugeuka kuwa kama ngozi ya ngoma, hata harufu yao ikivutia kutoka mbali.

Ladha ya kuchoma hutegemea pia moshi. Kuni zina dutu iitwayo lignini, ambayo ikiungua hutoa fenoli zenye harufu ile tunayoitambua kuwa ya moshi. Katika nyanda za juu zenye chai na kahawa, kuni nyingi ni za mkima, mti uliopandwa kwa wingi mipakani mwa mashamba, na matawi ya mibuni iliyopogolewa. Katika nyanda kavu za Mbeere, makaa ya migunga huwaka kwa joto kali na moshi mchache. Kuni mbichi, au zile zenye utomvu mwingi kama za msonobari, hutia nyama uchungu. Mafuta yanayodondokea makaa huleta moshi wenye harufu nzuri, lakini ukizidi huacha masizi na kampaundi ambazo wataalamu wa afya huzihusisha na saratani. Mchomaji stadi huyasogeza makaa kando na hayaachi yalipuke mwali.

Hapa panafaa kusahihishwa imani moja. Watu wengi hudai kwamba kuku wa kuchemshwa kwa kuni ni mtamu kuliko wa gesi kwa sababu ya moshi. Chungu kikiwa kimefunikwa, moshi hauna njia pana ya kuingia. Kinacholeta tofauti zaidi ni mwendo wa moto: kuni hutulia zikawa makaa, na chungu cha udongo hupasha polepole na kuhifadhi joto, ilhali gesi huachwa iwake kwa nguvu ili mambo yaishe upesi. Mwenye jiko la gesi akiupunguza moto na kusubiri, ataupata utamu ule ule, na mapafu yake yatamshukuru.

Kukaanga na Kuunga

Mafuta ya kupikia hupata joto la nyuzijoto 160 hadi 180 bila kuchemka kama maji. Kwa hivyo kuku wa kukaanga hupata rangi ya kahawia kwa dakika chache, na mmenyuko wa Maillard hufanyika juu ya uso wote kwa pamoja. Zaidi ya hayo, asidi linoleiki iliyomo katika mafuta ya kuku na ya alizeti huvunjika kwa joto na kutoa aldehaidi zenye harufu ile nzito ya vibanda vya chipsi na kuku. Mafuta yakirudiwa mara nyingi, kampaundi hizo huzidi kipimo, na kunukia hurudi kuwa kunuka.

Mbinu hii humfaa broila, ambaye ana nyama laini na ladha chache ya kwake. Kwa kuku wa kienyeji pekee haitoshi. Ndipo upishi wa nyumbani wa Meru na Embu, sawa na wa sehemu nyingi za bara, ulipotoa jibu lake: mbinu mseto. Kuku huchemshwa kwanza hadi alainike. Sehemu ya supu humiminwa kando. Iliyobaki huachwa ikauke motoni. Kisha vipande hukaangwa kwa mafuta yaliyotoka kwenye kuku mwenyewe, kitunguu hutiwa, halafu nyanya, na hatimaye ile supu hurudishwa. Huko ndiko kuunga.

Kila hatua hapo ina sababu. Kuchemsha kumeshughulikia kolajeni. Supu inapokauka, asidi amino na sukari zilizoyeyuka ndani yake husongamana chini ya sufuria. Maji ya mwisho yakiisha, mpaka wa joto huondoka na ukoko wa kahawia huanza kufanyika. Mlio wa sufuria hubadilika, kutoka kutokota hadi kuchachatika, na mpishi mwenye uzoefu huusikia akiwa uani. Nyanya zikitiwa, maji yake huubandua ukoko huo na kuusambaza katika mchuzi mzima. Zaidi ya hapo, nyanya ina glutamati na kuku ana inosinati, na imethibitishwa kwamba viwili hivyo vikikutana, ukolevu huzidi jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Dania hutiwa mwisho, baada ya kuipua, kwa sababu harufu yake ni nyepesi na moto huipoteza.

Makosa ya kawaida hutokea hapa hasa. Mwenye haraka hutia nyanya kabla maji hayajakauka, kwa hiyo nyama haipati rangi na mchuzi hubaki mwekundu na mwepesi. Akiuonja, huona umepungukiwa, akafungua pakiti ya viungo vya dukani ambayo aghalabu huwa na glutamati na chumvi nyingi. Mchuzi hukolea, ila kwa ladha ya pakiti. Kuku aliyefugwa miezi sita na kununuliwa kwa bei ya juu huishia kufanana na broila. Kilichokosekana ni dakika kumi za subira.

Watu wa pwani wana mpangilio wa kinyume katika kuku wa kupaka: huchomwa kwanza, kisha hupakwa mchuzi mzito wa tui la nazi. Wa bara hutanguliza maji na kumalizia na moto mkavu, wa pwani hutanguliza moto na kumalizia na mchuzi. Njia ni mbili, lengo ni moja, yaani kuipata ladha ya kahawia na ulaini katika sahani moja. Mpangilio wa bara humfaa kuku mzee, na wa pwani humfaa kuku mchanga.

Kiporo

Mbinu ya upishi huendelea kufanya kazi hata baada ya mlo. Nyama ya kuku iliyochemshwa, ikilala na kupashwa moto kesho yake, hupata harufu ya uchakavu inayofanana na ya kadibodi. Wanasayansi waliieleza hali hii mwaka wa 1958: mafuta yaliyomo katika misuli hushambuliwa na oksijeni, na chuma kilichomo katika nyama huharakisha shambulio hilo. Wasemaji wa Kiswahili hawakungoja maabara, kwani neno kiporo, linalotaja chakula kilicholala, huandamana na ladha ambayo kila mtu huijua.

La kuzingatia ni kwamba kuku aliyepata rangi ya kahawia vizuri hustahimili kulala kuliko aliyechemshwa tu, kwa sababu baadhi ya kampaundi za mmenyuko wa Maillard huzuia shambulio la oksijeni. Kwa hivyo desturi ya kukaanga baada ya kuchemsha ina faida ambayo huonekana siku ya pili.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ladha na harufu ya kuku huamuliwa na kile kinachokaa kati yake na moto. Maji hulainisha, hutoa supu na kuweka mpaka wa joto. Joto kavu huvuka mpaka huo, likazaa rangi na harufu ya kuchomeka, lakini halimsamehei kuku mzee. Mafuta hufanya hivyo kwa kasi zaidi na kuongeza harufu yake. Kuunga huyakusanya yote, mradi maji yaachwe yakauke kwanza.

Isidhaniwe kwamba waliobuni vitenzi vya upishi walijua habari za asidi amino. Walichokuwa nacho ni pua, ulimi, sikio na miaka mingi ya kukosea. Walipoona kwamba tendo fulani huleta matokeo yake ya pekee, walilipa jina lake. Lugha za Meru na Embu zilifanya hivyo pia: kuku ni nguku huko, neno la nasaba moja na la Kiswahili, na kupika ni kuruga. Wanafunzi wa Kiswahili waliozaliwa katika maeneo hayo wana nafasi njema ya kuyakusanya majina ya mbinu kutoka kwa wazee na kuyalinganisha na ya Kiswahili kabla hayajamezwa na kitenzi kimoja cha jumla.

Mwalimu anayeweza kusema, kwa Kiswahili sanifu, kwa nini jogoo mzee hachomwi na kwa nini nyanya husubiri maji yakauke, atakuwa amefundisha kemia, isimu na adabu ya kumkaribisha mgeni katika kipindi kimoja. Naye mwanafunzi wake akirudi nyumbani Runyenjes au Nkubu, atamkuta nyanyake mekoni akipunguza kuni na kufunika chungu, na pengine kwa mara ya kwanza atamuuliza kwa nini.